Kwanini sauti ya video yako inasikika kama mmeshutia bafuni

Haipiti wiki sijapata meseji ya hivi: "Kaka mambo, nataka maiki ya kushutia, ipi kali?" Na kila mara najikuta najibu kwa swali, unashutia wapi na hiyo maiki itakaa wapi, hapo jamaa anaanza kuona namzungusha maana yeye alitaka jina tu aende Kariakoo akalipie. Simzungushi mtu. Maiki ya mamilioni iliyokaa mita tatu kutoka kwenye mdomo wa mtu inapigwa bao asubuhi na mapema na kimaiki cha bei ya kuku wawili kilichobanwa kifuani, nimeliona hilo kwa masikio yangu zaidi ya mara moja. Kwenye sauti ya mazungumzo kila kitu kinaning'inia kwenye umbali, na aina zote za maiki unazoziona sokoni ni mbinu tofauti tofauti za kuusogelea mdomo bila kamera kuona.

Hesabu yenyewe nyepesi. Sauti ikishatoka mdomoni inatawanyika, na kila ukizidisha umbali mara mbili inashuka desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Toka sentimita 25 mpaka 50 umepoteza 6, toka 50 mpaka mita moja 6 nyingine, toka mita moja mpaka mbili 6 tena, jumla 18. Sasa panga boi linalozunguka juu, friji jikoni, bodaboda zinazopita nje, hivyo vyote havijasogea popote, viko pale pale na nguvu zao zile zile. Kwa hiyo ukiamua kupandisha geini, yaani kukuza sauti inayoingia, ili mtu asikike unapandisha na friji nayo desibeli hizo hizo 18, alafu unasikiliza unasema maiki hii mbovu ina kelele. Maiki haina shida, imekuletea ulichoiwekea mbele.

Alafu kuna mwangwi, na huyu ndo mbaya zaidi, maana feni utaizima lakini ukuta unauzimaje? Nyumba zetu nyingi za mjini siku hizi ni zege, chini tailizi, juu jipsamu, madirisha ya aluminiamu, yaani kila sauti inagonga inarudi. Maiki inapokea sauti mbili za mtu yule yule, ile iliyokuja moja kwa moja na ile iliyozurura chumbani kwanza ndo ikafika. Ya kwanza inapungua kadri unavyorudi nyuma, ya pili iko karibu sawa kila kona, kwa hiyo lazima kuna umbali fulani ambapo zinalingana na ukiupita mwangwi unashika usukani. Chukua sebule ya mita 4 kwa 3 na nusu, dari mita 2.8, haina kapeti wala pazia zito, ukipiga kofi inachukua kama sekunde 0.8 kufifia. Hapo umbali huo kwa maiki inayosikia pande zote ni kama sentimita 40 tu. Arobaini! Kwa maiki yenye mwelekeo mkali unasogea mpaka 75 hivi. Na usipime kwa masikio yako ukiwa umesimama hapo ndani, we una masikio mawili na ubongo unaochuja vitu kimyakimya, maiki inasikia tu kama ilivyo.

Hili nimejifunza kwa aibu. Tamthilia yangu ya kwanza ya mtandaoni tulishutia sebule moja Tabata, mama na mwanae wanagombana kuhusu ada ya shule. Mi nimetoka kununua shotigani yangu mpya, ile maiki ndefu yenye bomba, nimeipachika juu ya kamera, kamera iko mita tatu, nikajiona nimeyamaliza, hata hedifoni sikuvaa. Picha ilitoka safi sana. Tulipokaa kuediti tukakuta yule mama anaongea kama yuko ndani ya simtanki. Ikabidi waigizaji wote waitwe upya, wakae kwenye gari iliyopaki na vioo vimefungwa, wanaangalia midomo yao kwenye simu na kurudia maneno, siku mbili, na yule kijana midomo yake haikukaa mpaka leo, ukiangalia utamuona anafunga mdomo na neno bado linatoka.

Kosa langu lilikuwa kuamini shotigani inafanya kazi kama lenzi ya zumu. Watu wengi wanaamini hivyo na umbo lake linawadanganya, ni ndefu, unailenga, unaona kabisa inaenda kuchukua sauti kule. Haiendi popote. Kapsuli, ile sehemu inayopokea sauti, iko nyuma ya lile bomba, na bomba lina mipasuo pembeni. Sauti ya mbele inasafiri ndani ya bomba na kwenye mipasuo ikiwa sambamba, inafika kwenye kapsuli imeshikana. Sauti ya pembeni inaingia kwenye kila mpasuo kwa muda tofauti kidogo, zikikutana huko ndani zinapingana zinauana. Kwa hiyo kazi yake ni kukataa za pembeni, basi, hakuna cha kuvuta.

Na kukataa kwenyewe kuna mipaka. Bomba linazimudu sauti ambazo wimbi lake ni fupi kuliko bomba lenyewe. Sennheiser MKH 416, ambayo labda ndo shotigani inayojulikana kuliko zote kwenye hii kazi, ina urefu wa sentimita 25, na wimbi la sentimita 25 ni kwenye Hz 1,400 hivi (Hz ni mitetemo ya sauti kwa sekunde, zikiwa chache sauti ni nzito). Chini ya hapo bomba ni pambo, maiki inabaki na mwelekeo wa kapsuli yake tu. Ndo maana jenereta la jirani na malori ya barabarani yanaingia kama kawaida hata ukiyapa ubavu. Ndani ya chumba inakuwa shida nyingine, mwangwi unarudi kutoka pembeni na juu, bomba linaukata nusu na kuuacha nusu, matokeo yake sauti inakuwa na rangi ya ajabu, kama mtu anaongea kupitia mkono. Na nyuma nako inasikia kidogo hasa sauti nzito, kwa hiyo ukiipachika juu ya kamera inakuletea na pumzi za kameramani aliyepanda ngazi akala chapati tatu.

Nje sasa, hapo shotigani inajilipia. Hamna kuta za kurudisha sauti, na makelele mengi yanatoka pembeni. Ndani masaundimani wa filamu wengi wanaiweka begini wanachukua maiki fupi isiyo na bomba, yenye patani ya supakadioidi, yaani inasikia zaidi mbele na kupunguza za pembeni, Schoeps yenye kapsuli ya MK 41 ndo inayoheshimika, bei yake usiulize. Ila wazo ndo hilo na unaweza kulipata kwa bei ya chini, kuna kondensa, maiki zinazohitaji umeme, ndogo nyembamba ambazo watu wananunua kurekodia gitaa, ilimradi iwe supakadioidi au ndugu yake haipakadioidi na rekoda yako iwe inatoa volti 48 za kuiendesha, ukiisogeza karibu chumbani itakuaibishia shotigani yako.

Kabla sijaacha 416, kwa sisi wa pwani kuna jambo. Kondensa nyingi za kawaida kapsuli inakaa na chaji ya umeme, unyevu ukiingia chaji inavuja na unaanza kusikia vitu vinapasuka kama mafuta ya kukaangia. Familia ya MKH inatumia mzunguko wa masafa ya redio badala ya kutegemea chaji kubwa ya hivyo, kwa hiyo inavumilia lile joto bichi la Tanga au Unguja ambapo shati linalowa kabla hujafunga vifungo. Kama huna MKH usijali, vile vipakiti vya silika kwenye boksi za viatu usivitupe, vitie kwenye begi la maiki.

Tuje kwenye bumu, yaani maiki iliyoning'inizwa kwenye fimbo ndefu. Mahali pake pa kawaida ni juu, mbele kidogo ya paji la uso, sentimita 40 mpaka 60, imelenga kidevu na juu ya kifua. Watu wanailenga kwenye utosi, na utosi hauongei. Kwanini juu? Kwasababu ukiiangalia maiki kama jicho, nyuma ya mtu anayeongea inaona sakafu, na sakafu haina bodaboda. Ukiiweka kwa chini ikiangalia juu inaona dari, panga boi, na nje inaona ndege inayoshuka Kipawa. Na ukishajua kwamba inaangalia sakafu basi unajua pia pa kutandika, godoro au blanketi zito au kapeti pale miguuni nje ya fremu linasaidia kuliko vitu vingi vya kununua. Nimeona watu wananing'iniza khanga ukutani wakidhani wametengeneza studio, khanga ni nyepesi mno, inapunguza kidogo tu zile sauti za juu kabisa, mwangwi wenyewe unapita na kuishi maisha yake. Godoro bana. Godoro la mgeni lililolala chini ya kitanda, lisimamishe pembeni.

Kupata urefu sahihi kuna njia ya kizamani na haijawahi kushindwa, mtu wa bumu anashusha taratibu mpaka maiki ichungulie kwenye fremu, anayeangalia monita anapiga kelele "bumu!", anapandisha vidole viwili, hapo ndo pake. Ukiona aibu kuingia kwenye fremu kwenye mazoezi utakaa mbali siku nzima. Huna fimbo ya bumu? Ile fimbo ndefu ya rola ya kupakia rangi, maduka yote ya hadiwea yanayo, tafuta adapta ya kufunga maiki juu yake. Huna mtu wa kushika? Stendi ya taa na mfuko wa mchanga kwenye mguu, mtu akiwa amekaa kwenye mahojiano haendi popote.

Shida inakuja dairekta anapotaka fremu pana, mtu mzima mzima na mnazi nyuma yake. Bumu ikikaa juu ya fremu hiyo iko mita mbili na tumeshasema mita mbili ni nini. Hapo una njia mbili, ufiche maiki kwenye kitu kilichopo, au umvalishe mtu. Kuficha kunafurahisha, maua ya mezani, nyuma ya chupa ya soda, kwenye gari unaibana kwenye kile kibao cha kuzuia jua juu ya kioo cha mbele, hapo dereva na abiria wa mbele unawapata vizuri kuliko hata bumu ambayo haiwezi kuingia humo. Ila mwigizaji akisogea imekula kwako.

Kumvalisha ni lapeli, kile kimaiki cha kubana kwenye nguo. Nyingi zinasikia pande zote, kwa hiyo usihangaike sana na kuilenga, wengine tunaigeuza kichwa chini makusudi ili pumzi ya pua isiipige. Mahali pake ni katikati ya kifua, shubiri moja chini ya kidevu. Kama mtu anajibu maswali akimtazama mhoji aliye kushoto kwake, isogeze kidogo kushoto, la sivyo kila akigeuka sauti inazama. Na ujue kwamba kifuani sauti haisikiki kama ilivyo mbele ya mdomo, kidevu kinaziba, zile sauti za kati ya Hz 2,000 na 4,000 ambazo ndo zinabeba herufi kama s, t na k zinapungua, alafu kwenye Hz 800 hivi panavimba kidogo kwasababu ya kifua. Ndo maana lapeli inasikika kama mtu amefunikwa shuka. Kwenye kuediti panyanyue huku, pabonyeze kule, sio kuitupa maiki.

Adui mkubwa wa lapeli ni nguo. Kuna siku tulikuwa Bagamoyo tunamrekodi bibi mmoja anayesuka mikeka, amevaa dera, juu kajitanda mtandio, na begani khanga mpya kabisa aliyoitoa kwa ajili ya kamera. Mtu wa heshima yake humvamii na mkono kifuani, kwa hiyo nilimpa mjukuu wake wa kike ile maiki, mi nikasimama pembeni naelekeza na kuongea na bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hicho kidude kinauma?"

"Hakiumi bibi, kinasikiliza tu."

"Kinasikiliza hata nikinyamaza?"

"Hata ukinyamaza bibi, mpaka nikizime."

"Basi nikienda uani ukizime, usije ukanitangazia mji mzima."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua, hii kazi ina visa vingi vya maiki zilizosahauliwa zinawaka. Tukaanza, na kwenye hedifoni ni kama mtu anakunja gazeti. Ilikuwa ni ile khanga, khanga mpya ina dondo, ngumu, kila akivuta ukili inakwaruza. Nikamuomba kwa adabu kama ana ya zamani, akatoa moja imefuliwa mpaka imelainika, kimya kabisa. Tangu hapo swali la kwanza kabla ya siku ya kushuti ni mtu atavaa nini, pamba iliyofuliwa ni rafiki, kanzu ya pamba safi sana, hariri na zile poliesta za kung'aa ni kesi.

Na namna ya kuibandika ni hivi. Nunua plasta ya karatasi ya duka la dawa, kata vipande viwili, kunja kila kimoja kiwe pembetatu gundi ikiwa nje, maiki inakaa katikati kama nyama ya sambusa, upande mmoja unashika nguo ya ndani na mwingine unashika nguo ya nje. Lengo ni kwamba maiki na nguo zote mbili zitembee pamoja, kitu kisichoteleza juu ya kingine hakikwaruzi. Chini ya maiki fanya kijitanzi kwenye waya na ukibandike pia, ili waya ukivutwa mtikisiko uishie hapo usipande. Mwenye hijabu, chini ya tabaka la nje karibu na taya au juu ya kifua kunafaa, ila lile tabaka libanwe. Mwenye baraghashia ana bahati, pindo la mbele la kofia juu ya paji la uso ni mahali pazuri ajabu, pako karibu na mdomo na umbali haubadiliki akigeuza kichwa.

Ukiwa na bumu na lapeli kwa pamoja, rekodi kila moja kwenye traki yake na usizichanganye tu ukaziacha zote wazi. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde. Lapeli iko sentimita 20 kutoka mdomoni, bumu 60, ile tofauti ya 40 ni kama sekunde 0.0012, kidogo sana unasema, lakini inatosha kufanya mawimbi ya Hz 430 hivi yakutane yakipingana, na mengine juu yake kwa mpangilio kama meno ya kitana. Unasikia sauti imekuwa nyembamba ya bati. Chagua moja iongoze, nyingine iwe akiba, au kwenye kuediti isogeze moja mpaka mawimbi yalale pamoja.

Wayalesi, yaani maiki zisizo na waya, zimerahisisha sana maisha, tangu kampuni ya Rode watoe Wireless GO mwaka 2019 kila mtu ana vile vijiboksi, na mi ninavyo. Kuna mawili ya kujua. La kwanza, kile kijiboksi ukikibana juu ya nguo kama ilivyo kinaonekana kama beji ya mlinzi, chomeka lapeli ndogo ukifiche. La pili, nyingi zinatumia masafa ya GHz 2.4, yale yale ya Wi-Fi na blututhi, na mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa, maji yanameza hayo masafa. Kwa hiyo kijiboksi kikiwa mfuko wa nyuma na mtu kakuangalia, umeweka ndoo ya maji katikati. Uwanjani peke yako itafika mbali, ila ukumbini ambapo kila mtu kawasha hotspoti, utasikia inakatika katika kwenye sentensi ile ile uliyoihitaji. Kama ya kwako inaweza kurekodi ndani yake yenyewe, washa hiyo kitu kila siku bila kuuliza.

Waya nao usiudharau. Boya BY-M1 ambayo nusu ya watu wa yutubu wa hapa walianzia nayo ina waya wa mita 6 na haijui Wi-Fi ni nini. Wanaolalamika haifanyi kazi, angalia kwanza ile swichi yake, ina upande wa simu na upande wa kamera, na wa kamera unataka kile kibetri cha LR44. Na kwa maiki zingine za waya hesabu mistari myeusi kwenye jeki, ikiwa miwili hiyo ni ya kamera na simu itaipuuza itumie maiki yake ya ndani, ikiwa mitatu ndo ya simu. Watu wamerekodi harusi nzima na maiki ya simu wakidhani ni lapeli. Gonga maiki kwa ukucha, kama hedifoni haijasikia mgongano haijaunganishwa, imeisha hiyo.

Levo, yaani kiwango cha sauti unachorekodi, sitazikalia sana. Zima ile ya otomatiki kwenye kamera, maana mtu akinyamaza yenyewe inapandisha geini kutafuta sauti, inakuletea pumzi ya chumba inapanda kama wimbi, alafu mtu akianza inaporomoka. Weka mwenyewe kwa mkono, sauti ikipanda kabisa iguse desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndo kikomo cha mita, mtu akipiga kelele una nafasi. Siku hizi kuna rekoda za biti 32 za floti, Zoom F6 ni moja, hapo hata ukikosea levo utairudisha kwenye kuediti, ni kweli kabisa, ila mwangwi hautoki, friji halitoki, na maiki ikizidiwa yenyewe kabla ya kufika kwenye rekoda hiyo sauti hairudi. Nimeshaona mtu kanunua hiyo akaacha kuvaa hedifoni. Mita ikicheza haikuambii kama ni mtu au ni khanga.

Upepo. Sponji nyeusi inayokuja na maiki ni ya ndani, ya kuzuia pumzi na kihewa mtu wa bumu akiizungusha maiki haraka, ukienda nayo ufukweni Kigamboni kipindi cha kusi umeenda kurekodi kusi. Unahitaji manyoya ya kuivisha maiki, na zaidi ya manyoya unahitaji nafasi ya hewa iliyotulia kati ya manyoya na maiki, ndo kazi ya lile tenga refu unaloliona kwenye seti kubwa. Kata sauti nzito za chini ya Hz 80 wakati wa kurekodi, sauti ya mwanaume wa kawaida inaanzia karibu na 100 huko, kwa hiyo hupotezi mtu. Lapeli ya nje ifiche chini ya nguo, nguo yenyewe inakuwa kinga. Mvua ya masika juu ya bati haina maiki, kunyweni chai.

Na kabla ya maiki yoyote kuna kuzunguka nyumba. Simama kimya dakika moja usikilize, alafu zima kimoja kimoja, panga boi, AC, pampu ya maji, friji. Friji ukilizima tia funguo za gari au pikipiki yako ndani yake, ili usiondoke bila kuliwasha. Sio utani, kuna siku nililizima kwa watu Mbezi nikaondoka, mwenye nyumba akanipigia kesho yake kuhusu changu wa kilo tano na ilibidi niende soko la samaki la feri kununua wengine. Muda wa adhana uangalie kwenye simu uupange kama unavyopanga chakula cha mchana, na kunguru wa Dar hao sina dawa yao, asubuhi na jioni ni wao.

Ukiniuliza hela ianzie wapi, mi ningeanza na hedifoni nzuri za kufunika masikio, alafu lapeli ya waya, alafu rekoda ndogo yenye volti 48, alafu maiki fupi ya supakadioidi na fimbo, na shotigani ije mwisho utakapopata kazi za nje za kutosha. Najua wengi wanaenda kinyume kwasababu shotigani inapendeza kwenye picha za nyuma ya kamera.

Siku ya kazi yenyewe, mkishamaliza sini na kabla mtu hajagusa taa, omba sekunde 30 za chumba. Watu wote wabaki walipo, wasitembee, maiki ile ile pale pale, unarekodi ukimya wa hicho chumba, maana kila mkato kwenye kuediti utauhitaji kujazia, ukimya wa sebule ya Tabata haufanani na wa sebule ya Mbezi. Dairekta atakuangalia vibaya, njaa inauma, daladala za mwisho zinaondoka. Utahesabu, ishirini na tano, ishirini na sita, ishirini na saba, na hapo mtu wa taa atakohoa. Anza upya.